Zamu mbili, mashine moja, na lita mbili na nusu zisizojulikana zilikokwenda

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Shikamoo mama. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa, nilichoachiwa na marehemu baba. Nina mashine moja, imeandikwa kilo 200 kwa saa, wafanyakazi 14, zamu mbili za saa 12 kwa siku sita. Tangu Mei nimekuwa nikitoa shilingi 50,000 kila wiki kwa zamu iliyokamua magunia mengi, ili wachangamke. Magunia yamepanda kutoka 38 hadi 45 kwa siku. Lakini gunia la kilo 65 lililokuwa linatoa lita 17 sasa linatoa 14 na nusu. Zamu hazisemeshani. Wa mchana wanadai wa usiku wanaiba, wa usiku wanadai wa mchana wanawaachia uchafu. Msimamizi wa usiku ni baba yangu mdogo, hakuna anayethubutu kumwambia kitu, hata mimi. Nimewapikia pilau, nimeleta mtu wa kuwahamasisha kutoka Dodoma mjini, wiki moja mambo yakarudi pale pale. Sasa nafikiria kuwakata mshahara kwa mafuta yanayopungua. Nifanye nini wawe timu moja?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Kabla hatujazungumza habari ya timu, chukua kalamu. Kabla ya Mei ulikuwa unakamua magunia 38, kila moja lita 17. Hizo ni lita 646 kwa siku. Sasa unakamua 45, kila moja lita 14 na nusu. Hizo ni lita 652 na nusu. Umeongeza magunia saba kwa siku ukapata lita sita na nusu. Yaani kila gunia la ziada unalolinunua kwa mkulima, unalishusha, unalichekecha na kulilipia umeme, linakuletea chini ya lita moja ya mafuta. Utaniambia mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayo yanauzwa. Ni kweli, wafugaji wanayagombania, lakini hakuna mfugaji atakayekulipa bei ya mafuta kwa mafuta yaliyojificha ndani ya mashudu.

Nakuomba uitazame hesabu hiyo vizuri, maana ndiyo jibu langu karibu lote. Watu wako hawajakugomea. Wamekutii. Uliwaambia unataka magunia, wamekupa magunia.

Wamefanyaje? Opereta yeyote aliyekaa na mashine hizi msimu mmoja anajua njia. Analegeza kidogo sehemu ya kubana pale mashudu yanapotokea, anafungulia mbegu ziingie kwa wingi, na gunia linapita upesi. Mashine inaimba vizuri, haikwami, na ubaoni hesabu ya magunia inapanda. Mafuta yanatoka na mashudu. Huhitaji maabara kulijua hilo. Kesho nenda usimame pale mashudu yanapoangukia, uyaokote yakiwa bado ya moto. Yaliyokamuliwa vizuri ni vipande vyembamba, vikavu, vinavunjika ukivikunja. Yasiyokamuliwa ni manene na laini, ukiyaminya kiganja kinang'aa. Kaa hapo robo saa mchana, kisha uende tena usiku bila kutangaza. Sitashangaa ukikuta zamu zote mbili zinafanya vilevile, kila moja ikiamini mwenzake ndiye mwizi.

Sasa twende kwenye uchafu, maana hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Chujio la mafuta likiziba, mtu anatakiwa asimamishe kazi, afungue sahani zake, atoe vitambaa, akwangue, afue, afunge upya. Ni kazi ya saa nzima na haina gunia hata moja ndani yake. Ukiwa unashindania 50,000 na imebaki saa moja zamu iishe, utalisafisha? Utaliacha likijikongoja, uondoke na magunia yako mawili ya ziada. Anayeingia anaanza siku yake kwa kufua vitambaa vya mwenzake. Kesho yake naye atalipiza. Umeme ukikatika ndiyo mbaya zaidi. Mbegu zinabaki ndani ya mashine, zinapoa, zinagandamana kama zege, na ni lazima ifunguliwe igongolewe. Kama umeme umekatika saa kumi na moja na nusu jioni, nani anagongoa? Kwako hakuna sheria, na nimeisoma barua yako mara mbili kuhakikisha. Mahali pasipo na sheria anayeamua ni mwenye nguvu, na mwenye nguvu kwako ni baba mdogo.

Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuyatengeneza. Nilipokuwa msimamizi wa uzalishaji, miaka mingi iliyopita, katika kiwanda ambacho sitakitaja, nilianzisha ushindani wa zamu tatu na bango la rangi pale getini. Wiki ya kwanza nilisifiwa. Wiki ya nne spana namba 24 ilipotea. Tulinunua nyingine, nayo ikapotea. Siku moja mfagizi, mama mtu mzima aliyekuwa haingii katika mashindano ya mtu, akaniita pembeni akanionyesha: spana zote mbili zilikuwa zimefukiwa ndani ya gunia la taka. Zamu iliyotoka ilikuwa inaondoka na funguo za ushindi. Nililitoa lile bango mwenyewe, usiku, kwa aibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na hili ndilo ambalo ningekusihi usilichanganye na mengine kumi, ni kubadilisha unachohesabu. Acha kuhesabu magunia ya zamu. Hesabu lita kwa gunia, za kiwanda kizima, kwa wiki. Andika namba moja ubaoni kila Jumamosi: wiki hii gunia limetoa lita ngapi. Namba hiyo haina mchana wala usiku. Opereta wa mchana akilegeza mashine anaiharibu, na wa usiku akikuta chujio limeziba akalipuuza anaiharibu vilevile. Ukifika lita 16 tu, bila hata kurudi 17, magunia 41 yatakupa lita 656. Hiyo ni zaidi ya unachopata leo, na umeokoa magunia manne kila siku, 24 kwa wiki. Katika magunia hayo 24 toa thamani ya mawili au matatu uigawe sawa kwa watu wote 14, akiwemo anayefua vitambaa na anayelinda geti. Sawa kwa sawa. Najua opereta atanung'unika kwamba yeye ana ujuzi. Ujuzi wake mlipe kwenye mshahara.

Tuje kwenye wizi, maana umeutaja mara nyingi na unaonekana umekukosesha usingizi. Inawezekana kabisa mtu anatoka na dumu. Sikatai, nimeyaona. Lakini usimtuhumu mtu kabla mizani haijasema, na mizani unayo, ile ile unayopimia mbegu za wakulima. Fanya hivi kwa siku sita. Pima mbegu baada ya kuchekechwa, kabla hazijaingia kwenye mashine. Pima mafuta. Pima mashudu, kila zamu peke yake. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani kilo 0.92. Lita 17 ni kama kilo 15.6, na lita 14 na nusu ni kama kilo 13.3. Pengo ni kilo 2.3 kwa gunia. Ukilinganisha siku ambayo mashine imebanwa vizuri nawe umesimama hapo hapo, na siku za kawaida, kama kilo hizo mbili na kitu zimehamia kwenye mashudu, basi hakuna mwizi, kuna mashine iliyolegezwa. Kama mashudu yamebaki na uzito ule ule na mafuta yamepungua, basi mafuta yametembea kwa miguu, na hapo ndipo ukachunguze getini. Kutakuwa na upungufu kidogo wa unyevu na vumbi, usiuogope mradi ni ule ule kila siku.

Zoezi hilo lina faida ya pili ambayo sikutaka kuitanguliza. Likifanywa mbele ya zamu zote mbili, maneno "nyie wezi" yanakosa pa kusimama. Nimeona watu waliotukanana miezi sita wakiinama pamoja kwenye mizani wakibishana juu ya nusu kilo, na mabishano ya nusu kilo ni mazuri kuliko mabishano ya tabia ya mtu.

Halafu ukifanya zoezi hili usisahau mbegu zenyewe. Alizeti ya aina ya Rekodi ina mafuta machache kuliko mbegu chotara, na mzigo wa mnadani huja umechanganyika. Kama tangu Mei umebadili unakonunua, sehemu ya zile lita mbili na nusu inaweza kuwa ilibaki shambani. Andika mzigo umetoka wapi.

Sasa saa za kazi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Zamu ya saa 12 kwa siku sita, hata ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 66 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ziada iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Wewe una saa 21 za ziada kwa wiki, ambazo ni 84 kwa wiki nne. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili pia nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Nina wasiwasi hayo yote hulipi, na siku mmoja wao akikasirika akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hutakuwa na cha kujitetea.

Ila tuiache sheria kwanza, tuitazame mashine. Magunia 45 ya kilo 65 ni kilo 2,925. Kwa mashine ya kilo 200 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa kama 14 na nusu. Wewe unaiwasha saa 24. Basi saa tisa na zaidi kila siku mashine yako imesimama: imeziba, imeganda, inasubiri mbegu zichekechwe, inasubiri mtu aamke. Unalipa usiku kucha kulinda mashine iliyosimama. Na hawa vijana saa tisa usiku, Julai hii, pamoja na baridi ya wilaya yenu ya Kongwa na upepo wake, unadhani wanachekecha mbegu kwa makini? Wamejikunyata kwenye magunia.

Ningekuwa wewe ningejaribu hivi kwa mwezi mmoja: zamu ya kwanza saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ya pili saa 9 alasiri hadi saa 6 usiku, kila moja ikiwa na saa moja ya kupumzika, watu wakipokezana kula ili mashine isizimwe. Kwa siku sita kila mtu anafanya saa 48, tatu ni za ziada, unazilipa na unalala usingizi. Mashine inapata saa 18. Magunia 41 yanahitaji saa kama 13 na theluthi za mashine kuzunguka, kwa hiyo unabakiwa na karibu saa tano za kufua vitambaa, kupaka grisi na kukatika kwa umeme. Gharama mpya ni kuwarudisha makwao wanaotoka saa sita usiku. Bajaji moja au mbili za kukodi kwa mwezi, hesabu uione dhidi ya zile saa 84.

Usiku mashine imepumzika, na asubuhi inaanza baridi. Hilo nalo linahitaji utaratibu: magunia mawili ya kwanza yapite polepole mpaka chuma kipate moto, na mashudu yake yarudishwe ndani.

Makabidhiano ndiyo sehemu nitakayokaa nayo muda mrefu, kwa sababu ukiniambia nichague kitu kimoja kinachofanya watu 14 wawe timu au wasiwe, nitakuonyesha zile dakika 15 za saa tisa alasiri. Kwenu leo, anayetoka anavua ovaroli akimwona anayeingia kwa mbali, wanapishana getini. Hawajawahi kusimama mbele ya mashine moja wakiwa wote macho. Basi zamu ya pili ifike saa tisa kasorobo, na robo saa hiyo uilipe, maana ukiiomba bure utaipata bure kwa siku tatu tu. Mashine iwe inazunguka wakati huo. Opereta wa kwanza na wa pili waizunguke pamoja: mikanda, grisi, sauti, chujio, kiasi cha mbegu zilizokwisha kuchekechwa. Anayetoka aseme, anayeingia aguse. Halafu waandike kwenye daftari moja, kubwa, la jalada gumu, lisiloruhusiwa kutoka pale: magunia yaliyoingia, madumu yaliyotoka, kilo za mashudu, mashine ilisimama mara ngapi na kwa nini, chujio limesafishwa saa ngapi. Wote wawili waweke sahihi. Mwisho uache mstari mmoja mtupu wenye kichwa "kinachotusumbua". Mstari huo wiki mbili za kwanza utajazwa "hakuna". Usikate tamaa. Wiki ya tatu mtu ataandika "taa ya chujio haiwaki", na hapo sasa kiwanda chako kizima kitakuwa kinakutazama wewe. Ukiileta balbu siku hiyo hiyo, mstari utajaa. Ukichelewa wiki, utarudi kuwa "hakuna" mpaka Krismasi.

Na zile sheria mbili zilizokosekana ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Chujio linasafishwa na zamu iliyolitumia, saa moja kabla ya kutoka, liwe limeziba au halijaziba. Umeme ukikatika, zamu iliyopo ndiyo inayofungua na kugongoa. Ikiwa imebaki nusu saa au chini ya hapo, zamu zote mbili zinagongoa pamoja na wanaobaki wanalipwa. Usizitunge peke yako. Waulize hao opereta wawili, huenda nusu saa ni ndogo au ni kubwa. Wanaoshika nyundo ndio wanaojua.

Hapo kwenu Kongwa mna kumbukumbu kubwa ya watu kutoulizwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, wakafyeka mapori kwa matrekta, baada ya wakaguzi wao kuizunguka nchi wiki chache tu mwaka uliotangulia. Udongo wa kule kiangazi unakaza kama tofali, mvua haina ahadi, na Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia hayo kabla chai haijapoa. Mwaka 1951 waliuacha, ukiwa umekwishameza takribani pauni milioni 36. Mpango ule ulikuwa na mainjinia hodari kuliko mimi.

Kuhusu kuwakata mshahara. Sheria haikatazi moja kwa moja, ila inakuwekea vizuizi: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mtu huyo, uwe umemweleza kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokipata, awe amepewa nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa mafuta yaliyopungua katika zamu nzima ya watu saba huwezi hata kuanza, kosa ni la nani? Na hata ungeweza, sikushauri. Siku ya kwanza utakapomkata mtu, hilo daftari limekufa. Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: ndizo zilizokuwa na mengi. Alipochimba akaona hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Wodi zenye muuguzi mkuu mkali zilikuwa na karatasi safi. Mimi nikienda kiwandani nikakuta daftari la hitilafu ni safi, naomba ufunguo wa stoo.

Haina maana umwache anayeiba. Mizani ikionyesha wizi, fuata utaratibu wa nidhamu, andika, msikilize, amua. Hilo ni jambo jingine kabisa na lisichanganywe na chujio.

Tumefika kwa baba mdogo. Najua ulitaka nianze naye, na najua pia kwa nini umemtaja katikati ya barua kama mtu anayepita. Yeye alikuwapo kiwandani marehemu akiwa hai, wewe ulikuwa shule. Kwake wewe ni mtoto wa kaka. Ukimkosoa mbele ya vijana, utakuwa umemvunjia heshima, na ukoo utakaa kikao juu yako kabla kiwanda hakijakaa kikao juu yake. Usifanye hivyo. Lakini usimnyamazie pia, kwa sababu kila mtu pale anapima ukweli wako kwa jinsi unavyomtendea yeye.

Nenda nyumbani kwake, siku isiyo ya kazi, na kitu mkononi kama mtoto anavyokwenda. Usizungumzie makosa. Zungumzia mashine. Mwambie: "Baba, nimepiga hesabu, lita zimepungua, na kosa la kwanza ni langu mimi, zile pesa za magunia nilizianzisha vibaya. Nataka wewe ndiye uonyeshe vijana mashine ibanwe wapi, maana marehemu alikuwa anakutegemea kwa hilo." Kama ni kweli alimtegemea, litamfika. Kama si kweli, tafuta jingine la kweli, wazee wanaisikia sifa ya uongo kabla hujaimaliza. Kisha umwombe awe wa kwanza kuweka sahihi kwenye daftari la makabidhiano. Kuweka sahihi ni heshima, na mtu mzima akishaweka sahihi kwamba chujio ni safi, hataruhusu mtoto wa mtu amwumbue. Akikataa, basi mtengenezee kazi isiyokuwa ya zamu: kununua mbegu, kwa mfano, kama anaujua mzigo kwa jicho. Msimamizi asiyehojiwa ni hatari kwenye mashine. Kwenye kununua, mizani itamhoji kila siku bila mtu kufungua mdomo.

Umetaja pia kwamba fundi wako ni Mhehe na vijana wengi ni Wagogo, na kwamba wanataniana mpaka unachoka. Usiwazuie! Utani ule unabeba maneno ambayo kikao hakiwezi kuyabeba. Mgogo anaweza kumwambia mtani wake kwamba mkanda aliofunga ni wa kufungia mbwa, wote wakacheka, na mkanda ukafungwa upya. Kitu kimoja tu: hitilafu iliyosemwa kwa utani iandikwe kwenye daftari vilevile, maana wanaoingia hawakuwapo kwenye kicheko.

Vibarua wa kushusha lori na kuanika mbegu sitawasemea sana. Ulisema unaita kumi na kazi inakwenda kama wako wanne. Mhandisi mmoja Mfaransa, Max Ringelmann, aliwapimia watu kuvuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913: watu wanane wakivuta pamoja nguvu yao ilikuwa karibu nusu tu ya ile ambayo ungeipata ukijumlisha kila mmoja akivuta peke yake. Sehemu ni kugongana, sehemu ni kila mtu kumwachia mwenzake. Wagawe wawili wawili, kila jozi na turubai lake na magunia yake yanayoonekana, na uite sita badala ya kumi.

Pilau halikuwa kosa. Waliokula walishukuru. Huyo wa kuhamasisha sina la kusema, kila mtu na riziki yake, ila alikuwa anatibu mioyo ya watu ambao wanaumwa chujio. Ukitaka kula nao, wapikie siku namba ya ubaoni itakapogusa 16, zamu zote mbili zikiwa pamoja chini ya huo mwarobaini ulioutaja.

Kabla ya yote nenda SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapo Dodoma, au kwa fundi unayemwamini, mtu aifungue mashine aitazame skurubu inayosukuma mbegu na zile fito za chuma zinazoizunguka. Zikiwa zimeliwa, hakuna kubana kutakakorudisha lita 17, na utakuwa unawalaumu binadamu kwa kosa la chuma. Na nunua seti ya pili ya vitambaa vya chujio, ili moja ikiwa inafuliwa nyingine iwe kazini.

Ile 50,000 ya wiki hii umekwisha kuiahidi, kwa hiyo Jumamosi uilipe kwa zamu iliyoshinda, hadharani, bila maneno. Kisha uwaambie wote kwamba ni ya mwisho, na uwaonyeshe hesabu ya 646 na 652 na nusu ubaoni, kwa mkono wako.